Ufundi wa Kumtazama Mnyama

Kwa miaka mingi wakulima wa kusini mwa Unguja walimlaumu kima punju kwamba anawamalizia nazi. Walimwona kwa macho yao, mchana kweupe, kajikalia juu ya mnazi anachuma vidaka, anatafuna na kutupa. Ushahidi gani tena ulihitajika? Kisha watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, wakaiendea minazi hiyo na daftari, wakahesabu, na mwaka 1999 wakachapisha walichokikuta: kima kula vidaka hakukuwa kumepunguza mavuno, na palipoliwa zaidi mavuno yalikuwa makubwa zaidi. Mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe, haukomazi vyote. Kima akivipunguza mapema, huenda ndiyo maana vinavyobaki hunenepa.

Naanzia hapo kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu, ya mwalimu anayewafundisha watoto wa shule kuhusu wanyama, imo yote ndani ya habari hiyo. Ni kazi ya kukaa, kutazama, kuhesabu, na kuwa tayari kuambiwa na mnyama mwenyewe kwamba ulivyodhani sivyo.

Mfuate mwalimu wa namna hiyo akiwa na darasa lake msituni Jozani, huko huko Unguja. Hafungui mdomo kutoa hotuba. Anawakalisha watoto mbali kidogo na kima, anawanyamazisha, na anawaachia muda mrefu kuliko wanavyoweza kuuvumilia. Baadaye anauliza, “Mmeona nini?” Mtoto wa kwanza husema kima ni mzuri. Mwalimu hapokei jibu hilo, kwa upole, maana halielezi chochote ila moyo wa msemaji. Anauliza tena: amefanya nini? Hapo ndipo vitu vinapoanza kutoka. Hana kidole gumba, anashika tawi kwa vidole vinne. Amechuma jani changa, lililopevuka ameliacha. Mama kamkumbatia mwanawe huku anaruka.

Na akibahatika, kuna mtoto atakayesimulia kwamba nyuma ya jiko la kwao aliwahi kumwona kima akila mkaa. Wenzake watacheka. Mwalimu hacheki, kwa kuwa ni kweli: kima punju hula mkaa, na maelezo ya watafiti ni kwamba mkaa hufyonza sumu zilizomo katika majani ya miembe na mikungu anayoyapenda. Lakini fundi wa kazi hii halitoi jibu hilo papo hapo. Analiacha swali lipande daladala na watoto, lifike nyumbani, liulizwe kwa bibi, lirudi kesho darasani likiwa na majibu matano. Kulizuia jibu unalolijua, siku nzima, kwa ajili ya mtoto, kunahitaji nidhamu kubwa, na walimu wengi tunaishindwa.

Afrika Mashariki haikuianza kazi hii jana. Mwaka 1961, Tanganyika ikikaribia uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Arusha tamko lililoutaja uhifadhi wa wanyamapori kuwa dhamana ya taifa jipya. Kenya ilikuwa na vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi tangu 1968, na Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai mwaka 1980. Mwaka 1991, Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikwenda nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall na maswali yao, na mkutano ule ukazaa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi duniani. Goodall ndiye aliyefika Gombe mwaka 1960 akawapa sokwe majina, na wasomi wakamkosoa kwamba ilimpasa awape namba. Mwalimu wa watoto anajua upande gani ulikuwa na haki. Darasa likishampa jina paka wa uani, jiwe halirushwi tena kirahisi.

Ila hatari ipo, nayo ni bango. Ukutani panaandikwa “Tuwatunze wanyama”, watoto wanaimba wimbo siku ya mgeni rasmi, mtihani unauliza faida tano za wanyamapori, na kila mtu anapata vema. Siamini kwamba mnyama hata mmoja aliwahi kupumzishwa na bango.

Punda hupumzishwa na mtu aliyemkagua. Uingereza mwaka 1965, kamati ya Profesa Brambell ilichunguza ufugaji wa nchi ile, na kutokana na kazi yake zikatoka zile zinazoitwa leo haki tano za mnyama: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na jeraha au maradhi, aweze kuishi kwa tabia aliyoumbwa nayo, na asiishi kwa hofu. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mwalimu anaweza kuyaandika yote haya ubaoni kwa dakika kumi. Fundi huwatoa watoto nje, akaomba ruhusa kwa mwenye gari la punda, na kuwaonyesha pa kutazama: begani inapokalia nira, chini ya mkia inapopita kamba, kwatoni, kwenye ndoo ya maji kama ipo.

Kisha huja sehemu nyeti kuliko zote. Mtoto ameliona donda, na mwenye punda ni babu wa mtu. Mtoto wetu hamkosoi mzee, na mwalimu anayemtuma akamkosoe ameharibu adabu na hajamwokoa punda. Kwa hiyo humfundisha namna ya kuuliza: “Shikamoo babu. Punda wako anaitwa nani? Leo ameshakunywa maji?” Mzee huyo huyo ambaye angemfukuza afisa wa serikali humjibu mjukuu, na mara nyingi huinuka akaenda kutafuta ndoo.

Mwalimu huyu hahitaji kuiagiza huruma kutoka mbali. Mtoto wa chuo cha Kurani anakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake. Ndiyo maana namheshimu sana mwalimu asiyelikimbia swali la mbuzi wa Idi. Mbuzi amefungwa uani siku kadhaa, mtoto amemlisha kwa mkono wake, sasa anauliza iweje tumpende kisha tumchinje. Mwalimu mvivu hubadilisha mada. Mwingine hueleza: alishwe na anyweshwe, asiburutwe, kisu kinolewe kikate, kisinolewe mbele ya macho yake, asichinjwe mwenzake akiona. Mtoto anaondoka akijua kwamba hata anayekwenda kuliwa ana haki juu yetu. Huzuni yake haikuondolewa, wala haikupaswa kuondolewa.

Wenzetu wa bara wana mtihani mzito zaidi. Sagalla, kando ya hifadhi ya Tsavo nchini Kenya, tembo humaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Humwambii mtoto aliyelala njaa kwamba tembo ni fahari ya nchi. Pale watafiti wakiongozwa na Lucy King walijaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na wakulima wakapata ulinzi na asali pamoja. Somo la uhifadhi lisiloanza na mahindi ya mama yake mtoto si somo.

Na huku kwetu kuna bahari. Mtoto wa Mji Mkongwe analala ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, lakini wengi hawajawahi kuliona tumbawe likiwa hai, na wasichana wengi wa pwani hawajui kuogelea. Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa shule kwa miaka mingi, na miongoni mwa waliowaongoza majini wamo askari wa hifadhi waliokuwa wavuvi. Mtoto huvalishwa boya na miwani, hushikwa mkono, huinamisha uso. Chini kuna zaidi ya aina 400 za samaki. Anachoambiwa kabla ya kuingia ni kwamba kile anachokiona kama jiwe ni mnyama, kwa hiyo asikikanyage. Mvuvi wa zamani akilisema hilo, lina uzito ambao kitabu hakina.

Kazi hii yote haigharimu maabara. Inagharimu nauli, ruhusa, na nusu siku isiyo na mtihani. Walimu wakuu, mpeni mwalimu huyo nusu siku hiyo kila muhula, na msimuulize wanafunzi wameandika kurasa ngapi. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na swali la kwa nini kima anakula mkaa, msimwambie aache upuuzi. Kaeni naye mfikiri.