Mdomo wa Mtungi

Anayeanza kuchora mtungi hukosea mahali pamoja: mdomoni. Anajua mdomo wa mtungi ni duara, basi anachora duara, na mtungi unatokea kana kwamba tumbo lake limetazamwa kutoka ubavuni na mdomo kutoka darini. Jicho halikuona duara. Liliona umbo la yai lililolala, jembamba zaidi kadiri mdomo unavyokaribia usawa wa macho. Kazi kubwa ya darasa la uchoraji ni kuuzoeza mkono kuliamini jicho kuliko unavyokiamini kichwa. Kwa hiyo uchoraji ni ufundi wa kutazama kwanza, na kutazama hakuzeeki haraka. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu anayerudi chuo cha sanaa akiwa na miaka 40 hajachelewa, na kwamba mfadhili anayemhesabia miaka kabla ya kufungua jalada la michoro yake anapima kisichohusika.

Mtazame msanii wa Kenya, Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, kisha akaingia ualimu, na ualimu ukala miaka yake. Alipoirudia sanaa kwa dhati alikuwa amekwisha kustaafu. Rangi za dukani ni ghali. Yeye akageukia karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika kimoja kimoja mpaka wakatokea watu na mifugo. Kazi ya namna hiyo haina brashi ya kufichia kosa. Kivuli unachokitaka lazima kiwepo tayari mahali fulani kwenye pakiti, nawe ukione kabla ya kushika mkasi. Mwaka 1990, akiwa na miaka 60 na ushei, kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Jicho alikuwa nalo siku zote. Naona kilichopungua ni muda na vifaa. Na ufadhili, ukiuvua lugha yake ya fomu, ni muda ulionunuliwa.

Watakaopinga wataanza na samaki: mkunje angali mbichi. Kwenye sarakasi nakubali, maana viungo havisubiri. Lakini kalamu ya risasi haidai mgongo wa mtoto. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: kwa nini kumsomesha mwenye miaka michache ya kazi iliyobaki? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa na miaka kama 36, kwa rangi za makopo juu ya vipande vya ubao. Mwaka 1972 alikuwa amefariki. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima unaolisha familia hadi leo. Atasema mtu kwamba huyo hakusoma chuo chochote. Kweli, lakini ndugu na vijana waliojifunza kwake walikaa pamoja wakitazamana kazi, na hilo ndilo chuo hutoa, tena pamoja na mwalimu wa kukuambia mdomo wa mtungi wako umekosea.

Wafadhili wenyewe hawakubaliani. Mandela Rhodes huchukua wenye miaka 19 hadi 29. Chevening ya Uingereza haina ukomo wa umri, na imekuwa ikidai saa 2,800 za uzoefu wa kazi: yaani kule miaka ni doa, huku ni sifa. Ugumu ninaoukiri ni mwingine. Mtu mzima ana watoto wenye ada zao, na ufadhili unaolipa karo ya chuo peke yake utamwacha njiani. Tiba yake ni masomo ya jioni na posho, wala si kumfungia mlango.

Naye mwombaji asipeleke michoro mizuri tu. Apeleke mtungi mmoja aliouchora mara kumi, karatasi zikiwa kwa mpangilio wa tarehe. Wa kwanza utaelea. Wa tano utakuwa umeinama kidogo, na alama za kufutafuta zitaonekana mdomoni. Wa kumi utakuwa umekaa mezani.