Neno na Tuni katika Nyimbo za Ibada

Kwaya inapojifunza wimbo mpya wa ibada, mara nyingi tuni hutangulia na maneno hufuata. Mwalimu huandika herufi za solfa ubaoni. Kila sauti, tangu ya kwanza hata besi, hufundishwa peke yake. Kisha kinanda huziunganisha. Njia hiyo, aliyoieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, imewasaidia wengi wasiosoma noti. Lakini ina hatari yake: mwimbaji huzoea kuitii tuni hata inapolivunja neno.

Chanzo cha hatari hii ni tafsiri. Mfasiri wa tenzi za Ulaya akihesabu mizani na kuiona imetimia, hudhani kazi imekwisha. Haitoshi. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ikianza kwa pigo jepesi, na neno la kwanza likiwa “Mungu”, pigo zito huangukia “-ngu”, na neno hupinduka. Mghani wa utenzi, akiwa peke yake, aweza kuivuta au kuilegeza sauti ili alifuate neno. Kwaya ya sauti nne, iliyofungwa katika vipimo, haina ruhusa hiyo.

Jambo hili si dogo mahali kama Singe, katika mji wa Babati. Katika nchi ile Kiswahili hukutana na Kiiraqw na Kigorowa, ambazo ni lugha za Kikushi, na pia Kimbugwe na Kirangi za Kibantu. Mtoto aweza kulipata neno la sala kwa wimbo kabla ya kulisoma. Wimbo ukilipotosha, ndivyo atakavyolishika.

Mfano mwema tunao. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, alipokuwa akisoma theolojia Makumira, karibu na Arusha, alitunga wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya”. Tamka maneno hayo kama usemavyo kila siku: mkazo uko katika “-hi-” na “-lu-”, na tuni waupokea papo hapo. Hata “M” ya mwanzo ina noti yake, kwa kuwa ni silabi kamili. Wimbo huo ulipofasiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969, zamu ilikuwa ya mfasiri kuyapatanisha maneno yake na tuni ya Tanzania.

Hatusemi tenzi za kale zitupwe. Wazee wamezishika moyoni, na nyingine zimefasiriwa vizuri. Twasema utaratibu wa mafunzo ugeuzwe. Kwaya isome maneno kwanza kwa sauti ya kawaida, ipige makofi penye mikazo, kisha iingie solfa, na kinanda kije mwisho. Pale neno na tuni vinapogombana, mwalimu asione haya kubadili mpango wa maneno. Watu huja kanisani wapate kuomba, na aombaye hana budi kulisikia neno analolisema.