Nani Amekata Msitu? Kitenzi na Mtenda katika Lugha ya Mazingira, Beni na Butembo

Mada ya athari za binadamu kwa mazingira imekwisha kupata lugha yake katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Tunaisikia redioni, tunaisoma katika mabango, na wanafunzi wetu huileta ikiwa imeiva katika kazi zao za kuhitimu. Sentensi zake ni chache na zinafanana: msitu umepungua, wanyama wametoweka, mvua imebadilika, binadamu ameharibu mazingira. Hatukusudii kukanusha ukweli wake. Tunanuia kuzihakiki kama sentensi, yaani kuuliza zinasema nini na zinanyamazia nini. Kwa maoni yetu lugha hii ina kasoro moja kubwa: ama haimtaji mtenda, au ikimtaja humtaja mmoja tu, binadamu, ambaye hana kijiji wala cheo wala mkoba.

Wanasarufi hutenganisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tukisema mti umekatwa, mkataji yupo hata asipotajwa, na sentensi inaturuhusu kumwongeza: umekatwa na fulani. Tukisema mti umekatika, tunaeleza hali ya mti, na mlango wa mtenda umefungwa. Vitenzi kama kupungua na kutoweka si vya kutendeka kwa umbo, lakini vinafanya kazi hiyohiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili cha sokoni Butembo hakina haya hiyo. Huko utasikia watu wanakataka pori, kwa kiishio -ka cha mazoea ambacho sisi walimu hukifuta kwa kalamu nyekundu. Kiishio hicho, pamoja na nafsi iliyotangulia, kinasema mambo mawili ambayo tangazo limeyaacha: kwamba wako watu, na kwamba kazi hiyo ni ya kila siku. Kiswahili sanifu nacho kina hu- kwa maana hiyo, kwa hiyo usanifu hauna kosa. Kosa ni la mwandishi aliyechagua.

Tuchukue viboko wa Virunga. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikaitwa Virunga mwaka 1969, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Katika miaka ya 1970 viboko wake walizidi 25,000, wengi wao wakiwa katika Ziwa Edward na mito inayoingia humo. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Je, walipungua? Waliuawa kwa bunduki, na askari, na waasi, na majangili, nyama ikauzwa na meno yakauzwa. Kitenzi kikibadilika, swali linalofuata nalo hubadilika. Baada ya walipungua msomaji huuliza habari za malisho na maradhi. Baada ya waliuawa huuliza risasi zilitoka wapi na nyama ilinunuliwa na nani. Wala jambo hili si la wanyama peke yao. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, maji hayo huwalisha samaki, na wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge huishi kwa samaki hao. Ni kweli pia kwamba mitumbwi imezidi idadi iliyoruhusiwa, na kwamba nyavu za macho madogo huvua samaki wachanga. Lakini hata hapo tunao watenda wawili tofauti, mwenye bunduki na mwenye wavu, na sentensi ya samaki wamepungua huwafunika wote kwa shuka moja.

Sasa tumtazame huyo binadamu. Asili ya neno ni mwana wa Adamu: ni jina la ukoo, na katika ukoo wote ni ndugu. Mhubiri anapolitumia ana haki yake. Mchambuzi akilitumia vivyo hivyo, anagawa deni sawasawa kati ya watu ambao hawakukopa sawasawa. Juu ya Mutwanga, katika kilele cha Ruwenzori, barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 7 mwaka 1906. Mwanzoni mwa karne ya 21 ilikuwa imebaki kama kilomita 1 ya mraba. Wataalamu wanahusisha kuyeyuka huko na kubadilika kwa tabianchi, ambako kwa kiasi kikubwa kunatokana na moshi wa makaa ya mawe, petroli na gesi. Tukiandika binadamu ameyeyusha barafu, tunamweka mkulima wa Mutwanga, anayepikia kuni na hana gari, katika nomino moja na wenye viwanda na mitambo ya umeme ya Ulaya, Marekani na China. Sarufi haina kosa. Hesabu ndiyo mbovu.

Nomino hiyo pia huwadhulumu wale waliotenda vizuri. Vilima vinavyouzunguka mji wa Butembo vina mikaratusi mingi, na hiyo haikujiotea: ilipandwa na watu, kwa kuni, kwa mbao na kwa kuchomea matofali. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha katika Kivu ya Kaskazini mradi wa EcoMakala, wakulima wapande miti katika mashamba yao ili mkaa wa miti hiyo upunguze ule unaotolewa hifadhini. (Msomaji wa Dar es Salaam asitucheke: kwake makala ni maandishi kama haya, kwetu ndiyo mkaa wenyewe.) Mradi wahakiki wengine wataupima kwa miti. Sisi tunalisifu jina, kwa sababu makala yana mchomaji, mbebaji, mnunuzi na chungu jikoni. Kila mmoja anaweza kuulizwa.

Yuko msomaji wa Beni atakayetujibu kwamba tunaandika kama watu walio mbali, na jibu lake ni zito. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeshuhudia mauaji ya raia mfululizo. Wakulima wameacha mashamba yenye kakao iliyoiva. Katika historia ya Virunga walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Mahali kama hapo, mzee anayesema pori limeisha anajua vizuri nani amelimaliza; kitenzi chake ni ngao, naye anajua pia ni nani anasikiliza. Hatumlaumu, wala hatuna haki ya kumsahihisha. Tunayemhoji ni mwandishi wa ripoti, anayekinakili kitenzi hicho cha hofu mezani pake na kukipeleka Kinshasa au Ulaya kama maelezo ya sababu. Huko hakuna anayejua kwamba kilikuwa ngao. Kinasomwa kana kwamba msitu ulikwisha kama mwezi unavyokwisha.

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi tumejizoeza kuandika pembeni swali moja tu, kila tunapokutana na umeharibika au umepungua: na nani? Wengi hurudi wamebadili kitenzi, na sura nzima hulazimika kubadilika nacho, maana mtenda akishatajwa hudai tarehe, bei na njia aliyopitia. Wachache hurudi wameifuta sentensi yote. Hao hatuwaulizi tena.