Adui katika Ngano za Roland: Kutoka Roncevaux hadi Cervantes

Desturi ya uhakiki wetu, hasa ule uandikwao kwa ajili ya madarasa, ni kumtazama shujaa kwanza: nasaba yake, silaha yake, udhaifu wake na kifo chake. Adui huachwa nyuma, kana kwamba kazi yake ni kuanguka tu. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama ngano za mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya zama za kati, na hasa ngano ya Roland, kwa upande wa huyo aangukaye. Dai letu ni kwamba waandishi wakubwa waliozirithi ngano hizi walizigeuza kwa kumtazama adui upya, na shujaa naye akageuka kwa sababu hiyo.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 778 Charles, mfalme wa Wafaranki ambaye baadaye aliitwa Charlemagne, aliingia Hispania. Hakwenda huko kwa vita vya dini. Aliitwa na watawala Waislamu wa kaskazini, akiwemo Sulayman wa Barcelona, waliokuwa na ugomvi na amiri wa Córdoba. Safari haikufaulu. Katika kurudi, mfalme alibomoa kuta za mji wa Pamplona, na tarehe 15 Agosti kikosi chake cha nyuma kikavamiwa milimani. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme huyo katika karne ya tisa, asema waziwazi kwamba wavamizi walikuwa Wabaski, wenyeji wa milima ile. Roland, mlinzi wa mpaka wa Bretagne, anatajwa hapo kwa maneno machache tu, pamoja na wakuu wengine waliouawa.

Utendi maarufu wa Kifaransa kuhusu kifo chake, wenye mistari ipatayo elfu nne, ulitungwa karibu na mwaka 1100, yaani zaidi ya miaka mia tatu baadaye na katika zama zile zile za Vita vya Msalaba vya kwanza, vilivyotangazwa mwaka 1095. Ndani yake Wabaski wametoweka kabisa. Mahali pao wamewekwa Wasaraseni, jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliwaita Waislamu, chini ya mfalme Marsile wa Zaragoza. Tena Wasaraseni hao wanaabudu sanamu tatu, na moja imepewa jina la Muhammad. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa ukubwa wa uzushi huo. Hata hivyo mshairi ana jicho la mpiganaji: amsifu amiri Baligant kwa umbo na ujasiri, na anachosikitikia ni kwamba mtu huyo si Mkristo. Adui wa utendi huu ni kioo. Ana farasi, upanga, wakuu na baraza kama ya Wafaranki, ila imani imepinduliwa. Ndiyo maana Roland hahitaji kuwaza. Sahibu yake Olivier anamsihi apige baragumu kuomba msaada, naye anakataa hadi wakati umepita. Palipo na adui wa namna hiyo, kusita huonekana kuwa aibu.

Yafaa tukumbuke kwamba jambo hili si la Wafaranki peke yao. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa kati ya majeshi ya Kiislamu na ya Herekali, mfalme wa Rumi. Vitabu vya sira vyaeleza kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila ya kupambana na Warumi. Hapa nako mshairi alihitaji vita ambavyo historia haikumpa. Hatusemi hivyo ili kumtia Mwengo ila, wala kudai kwamba utendi mmoja ulizaa mwingine. Tunasema tu kwamba mhakiki anayeusoma mmoja kama fasihi na mwingine kama taarifa ya kihistoria atakuwa ametumia mizani miwili.

Ngano ya Roland ilipofika Italia, ikabadilika sura. Ludovico Ariosto alitoa utenzi wake mrefu, Orlando furioso, mwaka 1516 na akaukamilisha mwaka 1532. Orlando ni jina la Roland kwa Kiitaliano. Mapema kabisa katika kazi hiyo Mkristo mmoja na Msaraseni mmoja, baada ya kujeruhiana, wanapanda farasi mmoja kumfuata mwanamke mmoja. Mwanamke huyo, Angelica, anawakataa mashujaa wote na kuolewa na Medoro, askari wa kawaida wa upande wa Wasaraseni ambaye alimkuta amejeruhiwa akamtibu. Orlando anapoyaona majina yao yamechongwa mitini anarukwa na akili, na akili yake inabidi iende kuletwa kutoka mwezini. Kwa maoni yetu hilo ndilo pigo kali kuliko lolote alilopata Roncevaux. Ni kweli kwamba Ariosto hakufika mwisho wa njia: Ruggiero, Msaraseni aliye bora, ni lazima abatizwe kabla ya kumwoa Bradamante. Lakini ule uhakika wa zamani ulikwisha kupasuka.

Husemwa mara nyingi kwamba Cervantes alizizika ngano hizi kwa kicheko. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Kasisi anayechoma vitabu vya Don Quixote anakinusuru Amadís de Gaula, na ni dhahiri kwamba mwandishi aliupenda usomaji huo. La kuangaliwa ni nani aliyepewa kalamu. Cervantes alipigana Lepanto mwaka 1571, akawa mateka huko Algiers tangu mwaka 1575 hadi 1580. Alikuwa na sababu za kuwachukia Waislamu. Lakini katika sehemu ya kwanza ya kitabu, iliyotoka mwaka 1605, anadai kwamba habari za shujaa wake ziliandikwa na Mwarabu, Cide Hamete Benengeli, na kwamba madaftari yake yalinunuliwa sokoni Toledo, yakatafsiriwa na Mmorisko kwa ujira wa zabibu kavu na ngano. Adui wa jana ndiye msimulizi. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1615, mara tu baada ya Wamorisko kufukuzwa Hispania kati ya mwaka 1609 na 1614, na humo twamkuta Ricote, Mmorisko aliyerudi kwa siri, akila na kunywa njiani pamoja na jirani yake Sancho.

Katika sehemu hiyo hiyo ya pili kuna mchezo wa vikaragosi kuhusu Melisendra, binti wa Charlemagne aliyetekwa na Wamoro. Don Quixote anaanza kwa kusahihisha: Wamoro, asema, hawapigi kengele. Kisha anasahau kwamba ni mchezo, anachomoa upanga na kuwafyeka Wamoro wa mbao. Mwenye mchezo anapodai fidia, anaokota kwanza mfalme Marsilio wa Zaragoza, yule yule wa utendi wa kale, sasa hana kichwa, na kumtoza reali nne na nusu. Kikaragosi kinachofuata kimepasuliwa toka juu hadi chini. Ni Charlemagne mwenyewe, na bei yake ni reali tano na robo.