Kuezeka Wodi, Hospitali Ikiwa Kazini

Nyumba ya kawaida huezekwa kwa kelele. Nyundo zinagonga, saidia anaagizwa misumari kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, na hakuna anayenung'unika kwa kuwa mwenye nyumba hajahamia. Wodi ya wazazi inayojengwa ndani ya ua wa kituo cha afya haina uhuru huo. Hatua chache kutoka hapo kina mama wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kliniki, dirisha la pili amelala mtu aliyetoka kupasuliwa, na katikati inapita njia moja tu ya machela, ileile ambayo fundi anaitaka kwa ajili ya kupitishia mabati ya mita 6.

Tanzania imejenga namna hii mara nyingi tangu 2017, Serikali ilipoanza kupanua vituo vya afya ili mama aweze kujifungua kwa upasuaji karibu na kwao. Kazi nyingi zilifanywa kwa fosi akaunti: kamati ya wenyeji inanunua vifaa, fundi wa hapohapo anapewa mkataba wa ufundi peke yake. Fedha zile zimeandikwa sana magazetini. Waliopanda juu hawajaandikwa.

Fundi paa mzuri hutambulika akiwa bado chini. Kenchi ya kwanza huilaza kwenye ardhi iliyosawazishwa, akaipima pembe hadi pembe, na ikishamkubalia anaifanya kuwa kipimo cha nyingine zote. Kila mbao inayokuja inalazwa juu yake, inakatwa, inagongwa. Mbao zenyewe mara nyingi ni za msonobari, zenye rangi ya kijani hafifu iliyoachwa na dawa ya kuzuia mchwa. Karakana hiyo ya muda huwekwa nyuma ya stoo, mbali na wodi, na hapo ndipo hekima ya kazi yote ilipo: kila pigo la nyundo lililomalizwa chini ni pigo lililopungua juu ya kichwa cha mgonjwa. Siku ya kupandisha, kenchi mbili za mwisho husimamishwa kwanza, moja kila upande, timazi linaning'inizwa, uzi unavutwa kati ya vilele. Zilizobaki zinaufuata uzi. Mpita njia ataona kazi nyepesi, isiyo na mabishano, asijue kwamba mabishano yalikwisha wiki iliyopita nyuma ya stoo.

Kisha bati. Geji ina kichekesho chake: namba ikipungua bati linanenepa, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na mjumbe mgeni wa kamati ya manunuzi anaweza kurudi dukani akijipongeza kwa kupata namba kubwa. Fundi akishalikagua bati huulizia upepo wa mvua hutokea wapi. Huanza kuezeka kutoka upande wa mbali na upepo huo, akija kukutana nao, ili kila bati lililalie lililotangulia na mdomo wa maungio uupe upepo kisogo. Msumari unapigwa mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanakopita. Raba yake ikibanwa kidogo, maji yanapenya. Ikibanwa kupita kiasi, inapondeka, inachanika kwa jua la misimu michache, na maji yanapenya vilevile. Mpaka huo haupimwi kwa chombo. Na bati lenyewe halitulii: la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri hurefuka karibu milimita 3, kisha usiku hujirudi. Kila siku ya Mungu linauvuta msumari, na mkono uliogonga ovyo utaumbuliwa na masika, si na mkaguzi.

Kukata ndiko kunakonivutia zaidi. Mashine ya kukatia chuma ingemaliza kona nzima ya paa kwa dakika chache, lakini cheche zake huunguza rangi na zinki ya bati, na chenga za chuma zinazobaki juu huota kutu kwa umande wa kwanza. Hospitalini kuna zaidi: cheche na mitungi ya oksijeni havikai ua mmoja. Basi unamwona fundi amepiga magoti na mkasi wa bati, taratibu, ukingo safi.

Pagumu kuliko pote ni pale paa jipya linapokutana na la zamani. Lazima fisha bodi ing'olewe na dari la zamani lifunguliwe, na humo mna vumbi la miaka na mavi ya popo. Vumbi la ujenzi hubeba kuvu wa Aspergillus, ambao mtu mzima mwenye afya huwavuta bila habari lakini mgonjwa aliyepungukiwa kinga wanaweza kumuua. Kwa hiyo nailoni inatandazwa na kubandikwa kingo zote kwanza, uchafu unanyunyiziwa maji, na wodi ya jirani inahamishwa.

Kuta hupata sifa zake. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali iliyofunguliwa 2011 imejulikana duniani kwa kuta zake za mawe meusi ya volkano, yaliyochongwa na waashi wa hapo hadi saruji haionekani. Sifa hizo ni haki yao. Lakini paa, likifanywa vizuri, hufichwa na dari kwa ndani na halionekani na aliye mlangoni.

Linasikika, hata hivyo. Mvua kubwa juu ya bati tupu humzuia mkunga kusikia mapigo ya moyo wa mtoto kwa ile pembe ya kuweka tumboni, na ndiyo maana sipendi wodi inayofunguliwa kabla dari halijapigwa, hata mgeni rasmi akiwa njiani. Mvua hiyohiyo ni mali: milimita 20 juu ya paa lililofunika mita za mraba 300 ni lita 6,000, mradi gata ziwe na mteremko na simtanki liwe limeshafika.

Kazi ikiisha fundi huzunguka na sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kamba, akiokota misumari kwenye njia ya machela. Juu ameacha mistari ya misumari iliyonyooka, na kila mstari una papi, mbao inayopigiliwa bati, chini yake. Atakayekuja kufunga sola miaka kumi baadaye atajua pa kukanyaga bila kuuliza.