Huntha na Hanithi

Katika vitabu vya elimu ya viumbe neno "huntha" hutumiwa kwa nyungunyungu, kwa konokono wengi wa nchi kavu, na kwa maua yenye sehemu za kiume na za kike pamoja. Matumizi hayo yafaa. Ila kosa moja limefuatana nayo, nalo ni kudhani kuwa huntha na hanithi ni neno moja lenye matamshi mawili.

Kwamba maneno hayo ni ndugu, halikataliki. Yote mawili ni ya Kiarabu, ya shina kh-n-th, lenye maana ya kupinda na kulegea. Hata kukunja mdomo wa kiriba ili kunywa maji huelezwa kwa tendo la shina hilo hilo. Sauti ya kh imekuwa h, kama katika habari na hatari. Lakini tazama miisho yake. Lile la pili huko kwao laishia kwa konsonanti, khanith, ndipo Waswahili wakaliongeza i, kama walivyofanya kwa hadithi. Khuntha lilikuja na irabu yake, likabaki nayo. Basi kila moja limeingia kwa njia yake.

Na maana zao zimeachana. Hanithi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, tena ni tusi. Huntha ni neno la fikihi. Wanachuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani, humtaja katika mlango wa mirathi: huntha mushkili, yaani yule ambaye haijabainika kuwa ni mume au mke, hupewa fungu lililo yakini, na kilichozidi huwekwa mpaka hali yake ibainike au warithi wapatane. Hapo hapana lawama. Ni haki ya mtu inayohifadhiwa. Kamusi imfasiriyo huntha kwa hanithi yamtia aibu ambayo sheria haikumtia.

Kwa wanyama na mimea shaka ile ya kadhi haipo, kwani nyungunyungu hutoa mbegu na kupokea pia. Wakulima nao wajua mpapai dume, mpapai jike, na ule wa tatu ambao ua lake lina yote mawili. Huo kuitwa mpapai huntha ni sawa. Walakini muhindi si hivyo: mbelewele zake za juu ni za kiume, na hindi la ubavuni ni la kike, kila ua mbali. Kuuita nao huntha ni kufuta tofauti ambayo mwanafunzi ametakiwa aione.