Nimeiona Ngazija, Nimeiona Mwali!

Saa moja na nusu hivi za ndege kutoka Dar es Salaam, na chini yako unatokea mlima wa moto uliosimama katikati ya bahari. Saa moja na nusu! Na bado kwetu mtu akitaka kutamba kwamba amekwenda visiwani, anataja Maldivi, anataja Shelisheli, anataja Morisi. Jamani, na Komoro? Nimetoka huko juzi, na kila ninayekutana naye nimeshamkalisha nikamsimulia. Leo ni zamu yako.

Nianze na moto, maana bila moto huwezi kuielewa nchi hii. Visiwa vya Komoro, Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore, vimejipanga kwenye mlango wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, na vyote vilichomoza kutoka kilindini kwa nguvu ya volkeno. Havikuchomoza wakati mmoja. Maore, ambayo Komoro inaidai na Ufaransa inaitawala, ndiyo kongwe. Ngazija ndiyo kitindamimba, na bado inajengwa mpaka kesho: Karthala, mlima wa mita 2,361 unaotawala kusini mwa kisiwa, ulilipuka Aprili 2005, ukalipuka tena Novemba mwaka huohuo, ukaamka tena 2006 na 2007. Mwaka 1977 lava ilishuka ubavuni mwake ikaingia kijiji cha Singani, ikazika nyumba. Ukipita na gari leo unayaona yale mawe meusi, na watu wanaishi pembeni yake, wamejenga, wamepanda migomba.

Unapandwa, mlima huu! Tafuta mwongoza njia, beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, na ujiandae kulala juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuitarajia. Unaanza kwenye mashamba ya migomba na vanila, unaingia msitu wenye ukungu na kuvu na miti iliyovaa majani ya miti mingine, halafu miti inapungua kimo mpaka unajikuta katikati ya vichaka vikavu na majivu. Msituni humo anaishi bundi mdogo ambaye wanasayansi hawakumtambua mpaka mwaka 1958, na haishi popote pengine duniani isipokuwa kwenye mlima huu mmoja. Kisha ardhi inakatika mbele yako. Kasoko ya Karthala ina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, miongoni mwa kubwa kabisa kwa volkeno zilizo hai. Nilisimama ukingoni nikakosa la kusema, na mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza kuliko yote. Moroni, mji mkuu, unapata mvua zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Mvua ya kutosha kabisa! Lakini Ngazija nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wake bado ni mchanga kwa umri, una vitundu na nyufa, na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja ardhini kama maji kwenye chujio. Ndiyo maana karibu kila nyumba ya kale ina birika la kukinga maji ya paa. Vuka sasa uende Nzuani, kisiwa kilichotangulia kuzaliwa: mwamba umeoza ukawa udongo, mabonde yamechimbika, na maji yanashuka kwa kelele milimani. Nchi moja, bahari ileile, mvua ileile, na umri wa jiwe ndio unaoamua nani atateka maji mtoni na nani atayategemea mawingu. Tangu nilipolielewa hilo kila kitu kilipangika: vijiji vilipokaa, mashamba yalipo, hata fukwe. Ngazija ina ufuo mweusi na mweupe kwa pamoja. Pale Chomoni, upande wa mashariki, mchanga ni mweupe kabisa na miamba ya lava inausimamia pande zote, myeusi tititi. Sijawahi kuona pwani ya namna ile.

Moroni yenyewe usiipite haraka. Mji wa kale una vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe au Lamu ataviingia bila kuuliza njia, na mbele ya bandari ndogo umesimama Msikiti wa Ijumaa wa kale, mweupe, wenye safu za matao, ambao historia yake inarudishwa nyuma hadi mwaka 1427. Wanawake wanapita na msindzano usoni, ile liwa ya msandali inayolinda ngozi na kuipamba. Wazee wamekaa bangweni, yaani uwanja wa mji, na wapo waliokwishafanya anda, ndoa kubwa ya kimila ambayo mwanamume anaweza kuiwekea akiba miaka mingi kabla ya kuhesabiwa mtu mzima mbele ya mji wake. Masikio nayo yanafurahi: unapita sokoni Volo Volo na nusu ya maneno unayashika. Uhusiano wetu na Komoro ni wa damu na wa elimu pia. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja, alizaliwa Itsandra, kandokando ya Moroni.

Nzuani inanukia. Sitii chumvi. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta ya mlangilangi, yale yanayoingia kwenye manukato ya Paris, na Nzuani ndiyo kitovu. Maua ya manjano yanachumwa alfajiri, yanapelekwa haraka kwenye mtambo wa kukenekea, na moto unakokwa saa nyingi chini ya pipa. Harufu inakufuata barabarani. Moto huo lakini unakula kuni, na kuni zinatoka milimani. Pamoja na upanuzi wa mashamba, msitu umepungua na mito mingi ya Nzuani sasa inatiririka wakati wa mvua tu. Inauma kuona bonde lenye kitanda cha mto na halina maji. Kama unanunua mafuta, uliza yamekenekwa kwa mtambo gani; ipo mitambo iliyoboreshwa inayotumia kuni chache.

Na ni Nzuani ambako, Desemba 1952, mvuvi mmoja karibu na Domoni alivua samaki mzito ambaye mwalimu wa kijijini alimtambua kwenye tangazo lililobandikwa: gombesa, yaani silikanti! Samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dainosaria, na ambaye alikuwa ameonekana mara moja tu na wataalamu, Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu aliyekuwa akimsaka, alirushwa na ndege ya jeshi kuja kumchukua. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote na hawakumthamini, kwa sababu nyama yake si tamu. Watu wa Tanga wanamjua pia, silikanti wao ana hifadhi yake tangu 2009. Komoro imempa heshima nyingine: timu ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina lake, na timu hiyohiyo iliifunga Ghana mabao 3 kwa 2 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2022.

Haya, Mwali. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ukinibana nichague kimoja nitachagua Mwali bila kupepesa macho. Ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote vinne na chenye watu wachache zaidi, na mwaka 2020 UNESCO ilikiingiza kisiwa kizima kwenye orodha ya hifadhi za baiyosifia. Pale Itsamia kasa wa kijani wanapanda ufukweni kutaga mwaka mzima, na wanaowalinda ni wanakijiji wenyewe. Unakaa gizani bila tochi, unamsikia anavuta pumzi, anachimba kwa mapezi ya nyuma kwa ustadi usioaminika, mchanga unakurukia miguuni. Mchana unakodi boti Nioumachoua kwenda kwenye visiwa vidogo vilivyo mbele ya kijiji, unazamisha uso majini, na matumbawe yako palepale. Ukitembea kuelekea msitu wa juu ya Ouallah utawaona popo wa Livingstone, weusi, mabawa yao yanakaribia mita moja na nusu, wakielea juu ya bonde mchana kweupe kama tai. Wanapatikana Mwali na Nzuani tu. Niliinua shingo mpaka ikauma.

Nenda lini? Pepo ni zetu, kaskazi na kusi, ila zinagawa mvua kivingine. Kwetu Unguja kaskazi ni joto kavu. Kule, kuanzia Novemba hadi Aprili, kaskazi ndiyo mvua yenyewe, na mara mojamoja kimbunga, kama Kenneth cha Aprili 2019. Chagua kusi, Mei hadi Oktoba: hewa ni nyepesi, Karthala inapandika, na kuanzia Julai nyangumi wa nundu wanapita na watoto wao. Bahari ya kusi inachafuka, kwa hiyo kati ya kisiwa na kisiwa panda ndege ndogo ikipatikana, na acha nafasi kwenye ratiba, maana safari za hapa zinabadilika. Beba euro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro na mashine za kutolea fedha ni chache. Vaa nguo za heshima mjini. Na usiondoke kabla hujala kambakoche kwa mchuzi wa vanila, halafu mataba, kisamvu cha nazi kilichopikwa mpaka kikalainika kabisa, kwa wali wa moto. Agiza mataba mara mbili.